Maji ya Gari la Marehemu Baba



Kila Ijumaa, baada ya swala ya Alfajiri na kabla chai haijatengwa, marehemu baba yetu alikuwa na ada moja ambayo hatukupata kumwuliza sababu yake. Alifungua boneti ya gari, akakitazama kijitanki cha plastiki kilichokaa pembeni ya injini, akaibinya mipira ya maji kwa vidole viwili mithili ya tabibu ashikaye mshipa wa mgonjwa, kisha akainama kuitazama sakafu iliyo chini ya gari. Akisharidhika, alifunga boneti, akanawa mikono, akaja kunywa chai. Shughuli yote haikuzidi dakika tano.

Sisi, mtu na dada yake, tulikua tukiitazama ada hiyo kutoka mlango wa jikoni. Tuliihesabu kuwa ni mambo ya wanaume, kama kwenda mnadani au kupandisha bati paani. Hata tulipokwisha kujifunza kuendesha na kupata leseni zetu, hatukuwahi kuifungua ile boneti. Tulijua kuliwasha gari, kulielekeza na kulisimamisha, nasi tukajiona tunalijua.

Baba alipofariki, mama yetu alikaa eda yake miezi minne na siku kumi kama ilivyoamrishwa, na gari nalo likakaa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliwasha. Katika siku za matanga, nyumba ilipojaa wageni na watoto, tulikuta nyuma ya mlango wa stoo galoni la lita tano lenye majimaji ya kijani, na juu yake baba ameandika kwa mkono wake: YA GARI TU. Tuliogopa watoto wasije wakadhani ni sharubati, tukalimwaga. Khofu yetu ilikuwa ya haki, maana dawa ile ni sumu, na ladha yake tamu huwavuta watoto na paka. Kosa letu ni kwamba hatukuuliza ni ya nini.

Siku za eda zilipokuwa zikikaribia kwisha, tuliona chini ya gari alama ya unyevu iliyozunguka ukubwa wa sahani. Tukaambizana kuwa hayo ni maji ya kiyoyozi. Lau tungalitua kufikiri kidogo tu, tungalijua kuwa kiyoyozi hakidondoshi maji ila injini inapounguruma, na injini ile haikuwa imeunguruma kwa miezi minne.

Mama alipotoka edani, haja yake ya kwanza ilikuwa ni kwenda Voi kumwona dada yake, khalati yetu, ambaye maradhi yalimzuia asiweze kuja kwenye mazishi. Tulimwita kijana wa mtaani akatia chaji betri na kujaza magurudumu upepo. Sisi wenyewe tukafungua boneti kwa mara ya kwanza maishani mwetu, tukaona kijitanki ki kitupu, tukakijaza maji ya kisima cha uani, yale yale yenye chumvi ambayo hata sabuni haifanyi povu ndani yake. Tukasoma dua ya safari, tukaondoka. Ilikuwa msimu wa kaskazi, na jua la saa nne lilikwisha kuwa kali.

Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 150, na sehemu ya mwanzo ni ya kupanda. Kwenye mwinuko wa Mazeras tulikwama nyuma ya msururu wa malori, tukijikokota kwa gia ya kwanza, kiyoyozi kikivuma. Hapo mmoja wetu, aliyekuwa kwenye usukani, aliona mshale wa joto umepita katikati na unaendelea kupanda. Tukasema, tutafika Mariakani, huko tutasimama. Mara mshale ukaanza kushuka. Ukashuka hadi chini kabisa, tukamshukuru Mwenyezi Mungu kuwa injini imepoa, tukaongeza mwendo.

Haikuwa imepoa. Yale maji yalikuwa yamekwisha. Kipima joto kimetengenezwa kikae ndani ya maji ya injini, na maji yakiondoka kinabaki kugusa hewa na mvuke tu, kikaweza kusema uwongo bila kujua. Wakati sisi tulipokuwa tukishukuru, chuma kilikuwa kikiungua. Kabla ya kufika Mariakani injini ilianza kugonga, nguvu zikaisha, na mvuke mweupe ukatoka pande zote za boneti. Gari likazima kando ya njia.

Kijana wetu wa miaka kumi na mitatu, kwa nia njema ya kumsaidia bibi yake, alishuka mbio, akafungua boneti, akazungusha kitambaa mkononi na kukiendea kifuniko cha rejeta. Lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa limesimama, na dereva wake akapiga ukelele ambao hatutausahau: "Wacha, mwanangu! Usikiguse hicho!" Alimfikia akamshika kiwiko. Kisha akakivuta chini kitambaa na kutuonyesha mkono wake mwenyewe, tangu kifundo hadi karibu na bega, ngozi yake imekunjamana kama karatasi iliyopitiwa na moto. "Mimi nilikifungua," alisema, na hakuongeza neno.

Tulikaa kivulini zaidi ya saa nzima. Alitukataza tusiimwagie injini maji baridi, kwani chuma chenye moto kikipigwa na baridi hupasuka. Mama alipanda matatu pamoja na kijana na mmoja wetu, wakafika Voi wakati wa Maghrib, wakamkuta khalati bado anasubiri na chakula hakijaguswa. Gari likavutwa hadi kwenye gereji moja Mariakani, na yule aliyebaki akakaa nalo mpaka ami yetu alipofika kutoka mjini.

Siku ya tatu tulirudi sote gerejini. Fundi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa amekwisha kufungua injini na kuvipanga vipande juu ya gunia. Tulitarajia atutajie bei tu. Badala yake alituuliza: "Mabinti zangu, mnataka kulipa, au mnataka kulipa na kujua?" Tukamwambia tunataka vyote viwili. Haya tunayoyaandika hapa ni yale aliyotufundisha pale, nasi tumeyaweka kwa lugha ya jikoni ambayo ndiyo tuliyoielewa.

Injini huunguza mafuta ndani ya silinda zake, na sehemu ya joto tu ndiyo igeukayo kuwa mwendo. Nyingine hutoka kwa njia ya ekzosi, na takriban theluthi ya joto lote hubaki kwenye chuma. Lisipoondolewa, chuma hutanuka, oili hupoteza utelezi wake, na vipande vilivyofanywa vipishane kwa nafasi ya unywele huanza kusagana. Kwa hiyo ndani ya mwili wa injini mna mifereji midogo, na humo hupita maji yakilichukua lile joto, mfano wa damu mwilini.

Yanayoisukuma damu hiyo ni pampu ya maji. Ni gurudumu dogo lenye mapanga, ambalo katika magari mengi huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Mkanda ukikatika, pampu husimama, na maji husimama nayo. Pampu ikizeeka huanza kudondosha maji kwenye ekseli yake kabla haijafa kabisa, na huo ndio ujumbe wake wa kuomba msaada.

Maji yaliyopata moto hupita kwenye mpira wa juu na kuingia katika rejeta, ile bamba pana iliyokaa mbele ya gari. Fundi alituonyesha vijia vyake vyembamba na mapezi ya bati yaliyoshikana baina yake. Tukakumbuka jinsi bibi zetu walivyomimina chai ya moto kwenye kisahani: kikombe kina chai nyingi mahali padogo, kisahani huitandaza hewani, na ikapoa kabla hujamaliza kupuliza. Rejeta ni kisahani cha injini. Mapezi yakizibwa na vumbi na wadudu wa safarini, au yakiliwa na chumvi ya hewa ya pwani, kisahani kimefunikwa.

Gari likienda kasi, upepo wa njiani hutosha kuipooza rejeta. Likijikokota mlimani au likisimama kwenye foleni ya kivuko, upepo huo haupo, na ndipo feni inapofanya kazi ya kipepeo cha ukili mbele ya jiko la makaa. Katika magari mengi ya siku hizi feni ni ya umeme, nayo hujiwasha yenyewe joto likizidi. Mwenye gari ambaye hajawahi kuisikia feni yake ikivuma, na aulize.

Maji yakisha kupoa hushuka, hupita mpira wa chini na kurudi kwenye pampu. Ni mpira huu ndio uliotuangusha. Ulikuwa mkongwe, umepasuka ufa mwembamba penye klipu, na ule unyevu wa ukubwa wa sahani ulitoka hapo. Tone kwa tone kwa miezi minne, rejeta ilikuwa imepungua. Sisi tulikijaza kijitanki, tukadhani tumejaza yote. Fundi alisema kijitanki kile ni ghala la akiba tu: maji yakitanuka kwa moto hukimbilia humo, yakipoa hurejea kwenye rejeta. Kikikutwa kitupu kabisa, huwa ni dalili kuwa penye asili pia pamepungua, na yapasa kifuniko cha rejeta kifunguliwe kutazamwa, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha.

Akachukua kile kifuniko ambacho kijana wetu alitaka kukigusa. Ndani yake mna springi na duara la mpira. Kazi yake si kufunika tu, bali kuyabana maji yasichemke mapema. Hapa kwetu pwani maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100. Yakibanwa na kifuniko kizima, na yakiwa yamechanganywa na kulanti, hustahimili hadi kukaribia nyuzi 120 au kuzidi kidogo bila ya kuchemka. Kila mwanamke mwenye sufuria la presha ameijua siri hii siku zote, wala hapana hata mmoja wetu awezaye kulifungua sufuria hilo likiwa bado linapiga mluzi. Kifuniko kikifunguliwa injini ina moto, mbano huondoka ghafla, na maji huchemka mara moja na kuruka pamoja na mvuke usoni mwa aliyefungua. Tulimtazama kijana wetu. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Kilichobaki kilikuwa kidude kidogo cha shaba, si kikubwa kuliko kikombe cha kahawa: thamostati. Msaidizi wa fundi, kijana mwepesi wa maneno, alisema kwa nchi ya joto kama yetu kitu hicho si cha lazima, kitolewe kitupwe. Fundi hakumjibu. Aliomba sufuria ya maji kwa mama wa chai wa jirani, akaiweka jikoni, akakitumbukiza kile kidude humo kikining'inia kwa uzi. Tukainama sote kutazama. Maji yalipokaribia kuchemka, mlango mdogo uliokuwa umefungwa ukaanza kufunguka wenyewe taratibu, na alipokitoa hewani ukafungika tena. Ndani yake mna nta ambayo hutanuka kwa joto na kuusukuma mlango. Aghalabu hufunguka baina ya nyuzi 80 na 90. Kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate moto wake upesi, kwani injini ifanyayo kazi ikiwa baridi hula mafuta mengi na huchakaa mapema. "Huyu ni bawabu," fundi alimwambia msaidizi wake. "Akigoma kufungua, mbadilishe. Usiiache nyumba bila bawabu." Bawabu wetu alikuwa mzima. Akarudishwa mahali pake.

Tuliuliza habari ya maji ya kisima. Alisema kwa insafu kuwa safari ile haikuharibiwa na chumvi, bali na ufa. Lakini lau tungaliendelea na maji hayo, yangaliila rejeta kutoka ndani kidogo kidogo, na kuacha magaga kwenye vijia kama yale tunayoyakwangua kwenye mabirika yetu. Majimaji ya kijani tuliyoyamwaga yalikuwa kulanti. Huzuia kutu, huongeza ustahimilivu wa maji kwa moto, na aghalabu huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo chumvi. Rangi huwa mbalimbali, na zisichanganywe ovyo.

Kisha akatuonyesha hasara. Kichwa cha silinda, ambacho ni cha aluminiamu, kilikuwa kimepinda kwa joto, na gasketi iliyo baina yake na mwili wa injini imeungua. Maji kidogo yaliyosalia yalikuwa yameingia kwenye oili, nayo ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiiona rangi hiyo kwenye kijiti cha kupimia oili, au moshi mweupe usiokoma nyuma ya gari, usiliwashe tena. Gharama yote ilifika shilingi 52,000. Mpira ulioleta yote hayo bei yake haikufika shilingi 1,500.

Lakini deni lililotuumiza halikuwa la fundi. Gari lile halikuwa letu. Lilikuwa mirathi ambayo bado haijagawanywa: mama ana thumuni yake, sisi tuna mafungu yetu, na kaka yetu aliye Maskati ana fungu kubwa kupita la kila mmoja wetu. Alikuwa ameridhia kwa ulimi wake kuwa mama alitumie mpaka siku ya kugawa. Nasi tuliyekabidhiwa amana tuliuona mshale ukipanda, tukasema tutafika mbele. Usiku ule hatukulala. Mmoja wetu alisema tuitengeneze kimya kimya, kwani kaka yu mbali, hatajua. Mama akasema: "Baba yenu anatolewa deni kaburini, nanyi mwaongeza jingine?"

Tulimpigia kaka yetu tukamweleza yote, hata lile la kumwaga galoni. Alinyamaza kitambo. Tulitaraji lawama, nayo ingekuwa haki yake. Akasema: "Mimi baba aliniita nisimame naye mbele ya boneti tangu nina miaka kumi. Nyinyi mlikuwa mlango wa jikoni. Wala yeye hakuwaita, wala mimi sikuwaambia. Nusu ya gharama ni yangu." Tulimkatalia, tukamwambia uzembe ulikuwa wetu. Tukakubaliana mwishowe kuwa sisi tulipe, naye atakachotoa kiwe hiba yake kwa mama. Mama akaiandika katika daftari lile lile alimoyaandika madeni ya marehemu, akaweka tarehe.

Maneno yale ya kaka yetu yametukaa. Baba hakuwa mtu wa kuwabagua watoto wake. Alitusomesha sote madrasa na skuli, na ni yeye aliyetulipia masomo ya udereva. Ila katika nyumba zetu nyingi mna elimu ambayo hurithishwa kwa mlango mmoja tu, na mwenye nayo akiondoka, huondoka nayo. Tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo tutawakali. Sisi tulitawakali tukiwa hata kamba hatujui ilipo.

Siku hizi, kila Ijumaa baada ya Alfajiri, boneti hufunguliwa tena uani. Tunatazama kijitanki, maji yawe baina ya mistari miwili. Tunabinya mipira: ikiwa migumu kama mti, au laini kama mkate uliolowa, wakati wake umefika. Tunatazama mkanda kama una nyufa, na tunainama kutazama sakafu. Njiani, mshale ukianza kupanda, tunazima kiyoyozi, na ikibidi tunafungua hewa ya moto ya ndani ya gari, ambayo huichukua sehemu ya joto la injini, na tunatafuta pa kusimama hapo hapo bila kungoja mji wa mbele. Mshale ukishuka ghafla pasipo sababu, tunasimama upesi zaidi. Na kifuniko hakiguswi mpaka rejeta ipoe kabisa.

Galoni jipya limefungiwa kwenye kabati la juu, kwa ufunguo. Juu yake tumeandika yale yale maneno ya baba, na chini yake tukaongeza ni kitu gani na kazi yake ni nini.

Ijumaa iliyopita, binti wa mmoja wetu, mwenye miaka tisa, ndiye aliyeshika tochi. Alituuliza kwa nini babu yake alikuwa akiibinya mipira kwa vidole viwili. Tulimwonyesha. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika mkononi, akatazama kidogo, kisha akaliweka birika chini akaja kusimama nasi.

Tunawaomba wasomaji wetu wamwombee dua marehemu baba yetu. Mwenyezi Mungu amghufirie, amnawirishie kaburi lake, na atujaalie sote kuzitekeleza amana tulizoachiwa. Amin.